Dawa ya Mgonjwa Asiyerudi

Mama mmoja aliingia chumbani kwangu siku ya Ijumaa, saa nane kasoro mchana, kiroba kitupu mkononi na tiketi ya boti ameifundika kwenye ncha ya kanga. Alitoka kisiwa cha Kome. Alikuwa anakohoa, na ile ilikuwa siku ya tisa. Homa hana. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Kifua nilikisikiliza mbele na nyuma, hewa inapita vizuri pande zote, hakuna mkoromo. Uzito haujapungua, jasho la usiku hamna, damu hajatema. Kwa yote niliyofundishwa, ule ulikuwa mkamba wa virusi, ugonjwa unaotaka maji ya moto, mapumziko na subira. Nikamweleza hivyo. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, dokta. Kwa hiyo unaniandikia nini?"

Nikamwandikia amoksilini, mbili kutwa mara tatu, siku tano.

Sikuandika kwa kutojua. Niliandika kwa sababu boti yake ilikuwa karibu kuondoka, dagaa wake walikuwa wameanikwa mchangani chini ya macho ya jirani, na wingu lilikuwa linajikusanya. Nikawaza: kama hiki kikohozi ni nimonia changa ambayo sikio langu halikuinasa, huyu hatarudi Jumatatu. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo mtaji wake. Atakaporudi, ataletwa amebebwa. Basi zile amoksilini sikuziandikia mapafu yake, niliziandikia ziwa lililo kati yangu na yeye.

Nimelifikiria tukio hilo kwa muda mrefu, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Tunapozungumzia matumizi mabaya ya antibiotiki hapa nchini, mara nyingi tunazungumza kana kwamba shida ni ujinga wa watu. Kauli ya "Holela-Holela Itakukosti" inasikika redioni na imebandikwa kwenye kuta za vituo vyetu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini aliyesimamishwa mbele ya kauli hiyo ni mgonjwa, mnunuzi, mtu anayekwenda dukani bila cheti. Mimi nataka tumtazame aliyeshika kalamu. Ukikaa na vyeti vya watu wazima wa kliniki ya nje, ukavisoma kimoja kimoja, utaona kuwa antibiotiki hazifuati ugonjwa. Zinafuata umbali wa mgonjwa, urefu wa foleni, pesa iliyopo mfukoni na kipimo kisichokuwepo maabara. Tunaiandika antibiotiki mahali palipotakiwa kuwa na kipimo, muda wa maongezi au tarehe ya kurudi.

Isidhaniwe kwamba haya ni ya Mwanza peke yake. Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba angalau asilimia 30 ya antibiotiki wanazoandikiwa wagonjwa wa nje hazihitajiki. Uingereza, mamlaka za afya zilikadiria mwaka 2018 kuwa angalau asilimia 20 ya zinazoandikwa na madaktari wa msingi hazikustahili. Na kuna utafiti mmoja wa Boston, wa mwaka 2014, ambao kila nikiukumbuka najiona mwenyewe ndani yake. Watafiti walipitia mahudhurio zaidi ya 21,000 ya watu wazima wenye magonjwa ya njia ya hewa, wakaangalia saa ambayo kila mmoja alionwa. Kadiri zamu ilivyosonga ndivyo antibiotiki zilivyoongezeka. Saa ya kwanza ziliandikwa chache, saa ya nne zikawa nyingi zaidi. Wagonjwa walikuwa wa aina ile ile, na mafua yale yale. Kilichobadilika ni daktari, alikuwa amechoka. Kumweleza mtu kwa nini hahitaji dawa ni kazi ya dakika kumi, na kumwandikia dawa ni kazi ya sekunde ishirini.

Sasa mchukue daktari huyo mtoe Boston, mlete kwenye kituo cha afya cha pwani ya ziwa, mpe wagonjwa wa kutwa nzima bila miadi, mnyime eksirei, mnyime kipimo cha kuotesha vimelea, halafu mwambie kwamba mgonjwa aliye mbele yake hana salio la kumpigia endapo hali itabadilika.

Tuanze na homa, kwa kuwa ndiyo inayojaza mabenchi. Kwa miaka mingi tulikuwa tukitibu kila homa kama malaria. Kikaja kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, na kikafanya kazi nzuri mno: dawa ya mseto ikawafikia zaidi wanaoihitaji. Ila swali la mgonjwa halikuondoka. Kama si malaria, ni nini? Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, Tanzania ikiwemo, wenye rekodi za wagonjwa zaidi ya 500,000. Ulionyesha jambo ambalo kila tabibu wa wilayani angeweza kulisema bila utafiti: pale kipimo cha malaria kilipoingia, dawa ya malaria ilipungua na antibiotiki zikaongezeka. Mkono ulioachishwa kuandika dawa moja ulihamia kwenye nyingine. Kipimo kilituambia ugonjwa ambao mgonjwa hana, na hakikutuambia alio nao.

Moshi kuna somo kubwa zaidi. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili, watoto na watu wazima, walipimwa kwa kina ambacho sisi hatuna uwezo nacho kila siku. Matabibu walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 yao. Waliothibitika kuwa malaria ndiyo chanzo cha homa yao walikuwa asilimia 1.6. Na homa nyingi, takriban robo, zilitokana na bakteria wanaotoka kwa wanyama: leptospirosisi, homa ya Q, homa za kupe, bruselosi. Haya ni magonjwa ambayo hata leo ni nadra kuyaona yameandikwa kwenye daftari la mgonjwa. Homa tatu za mwanzo katika orodha hiyo hutibika kwa doksisaiklini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Homa ya Q na homa za kupe hazisikii amoksilini, wala sindano za seftriaksoni haziziwezi.

Nasisitiza hapa kwa sababu tumezoea kudhani hatari ni moja tu, kutoa dawa bila sababu. Kuna mtu anayehitaji antibiotiki kweli, anapewa antibiotiki kweli, na bado hatibiwi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kazi yake. Huku kwetu, Magu, Kwimba, Misungwi, ng'ombe ni maisha. Watu wanazalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, wanakunywa maziwa mabichi, wanalala jirani na zizi. Mzee wa Kisukuma mwenye homa ya wiki tatu na maumivu ya viungo ukimsalimu shikamoo, ukamuuliza mifugo yake inaendeleaje, ataanza kukueleza ndama waliotoka kabla ya siku zao. Hapo umeshapata nusu ya vipimo vyako. Swali hilo halina gharama yoyote, na mimi mwenyewe sikulijua thamani yake mpaka miaka kadhaa baada ya kuhitimu.

Badala ya swali hilo tumejenga utatu ambao kila Mtanzania anaufahamu: "Nimepimwa, nina malaria, taifodi na UTI." Sidhani kuna sentensi inayotamkwa zaidi kwenye dirisha la dawa. Taifodi hapo ina maana ya kipimo cha Widal, kilichogunduliwa mwaka 1896. Unachanganya majimaji ya damu na dawa ya maabara juu ya kioo, unatikisa, ukiona chembe zimeshikamana unaandika 1:80 au 1:160, na mgonjwa anaondoka na antibiotiki iitwayo sipro. Shida ni kwamba kipimo hicho kinatafuta askari wa mwili, na askari wanaweza kubaki miezi mingi baada ya vita kwisha, au wakaitikia adui mwingine mwenye sura inayofanana. Widal moja pekee haithibitishi taifodi. Kuotesha damu ndiko kunakothibitisha, na kwenye vituo vyetu vingi huduma hiyo haipo. Tunalijua hilo, na bado kipimo kinaagizwa kila siku, kwa sababu kinampa mgonjwa jina la ugonjwa na kinampa tabibu ruhusa ya kuandika. Kwenye kituo kinachojiendesha kwa mapato yake kuna sababu ya tatu, nayo kila mtu anaijua: kipimo kinalipiwa, na dawa inayofuata inalipiwa.

Nije sasa kwenye UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, maana hapa ndipo watu wazima, hasa wanawake, wanapoumizwa zaidi.

Mwanamke wa Misungwi, mkulima wa mpunga, alikuja na daftari lake la matibabu likiwa limevaa jalada la gazeti. Nilikaa nalo kabla sijamuuliza lolote. Ukurasa wa kwanza: maumivu chini ya kitovu, mkojo unachoma, UTI, sipro siku saba. Wiki sita baadaye, mwandiko mwingine: UTI, azithromaisini. Kisha Flagyl na doksisaiklini pamoja. Kisha maneno ambayo siku hizi yamegeuka kuwa jina la ugonjwa, "UTI sugu", na chini yake seftriaksoni ya mshipa, siku tano, kila siku kwa bodaboda kwenda na kurudi. Kisha maneno hayo hayo tena, na sindano za gentamaisini. Miandiko mitano, vituo vitatu. Mume alikuwa ameanza kuuliza maswali ya wivu, na mama mkwe ameshasema yake.

Nilimuuliza kama anaona damu. Akatazama mlango, kisha akasema ndiyo, kidogo, mwishoni, anapokaribia kumaliza kukojoa. Nikamuuliza shamba lake liko wapi na wanateka maji wapi. Majaluba, akasema, na lambo.

Mkojo wa kutafuta mayai ya kichocho hukusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Ilikuwa saa sita. Mtaalamu wa maabara aliuzungusha kwenye mashine, akatazama tone la chini kwenye darubini, akaniita nione mwenyewe. Yalikuwepo, marefu, na kile kijimwiba chao kwenye ncha moja. Kichocho cha mkojo. Dawa yake ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa, dozi ya mara moja. Hakuna antibiotiki hata moja duniani inayoua minyoo ile.

Sisi ni watu wa kanda ya ziwa. Wavuvi na watu wa visiwani wana kichocho cha tumbo, na huku ndani kwenye malambo na majaluba kuna cha mkojo. Mwanza ina taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, ambayo kwa miongo imefuatilia kichocho katika vijiji hivi hivi. Elimu ipo ndani ya mji wetu. Haikuvuka kilomita chache kufika kwenye daftari la mwanamke yule. Miandiko mitano iliyomtangulia haikuwa ya watu wavivu. Nadhani kila mmoja aliona ya mwenzake imeshindwa, akapanda ngazi moja juu, akachagua dawa kali zaidi. Ndivyo mazoea yetu yalivyo: dawa ikishindwa, tunaitilia shaka dawa kabla ya kuutilia shaka ugonjwa tuliouandika.

Na kuhusu UTI yenyewe, mradi mkubwa wa utafiti wa Afrika Mashariki uitwao HATUA ulikusanya mikojo ya maelfu ya wagonjwa wenye dalili nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na kwetu Mwanza ilikuwa mojawapo ya mikoa iliyohusishwa pamoja na Kilimanjaro na Mbeya. Vimelea vilipooteshwa, ni kama theluthi moja tu ya waliokuwa na dalili waliothibitika kuwa na maambukizi. Na miongoni mwa vimelea vilivyopatikana, usugu kwa dawa za aina kadhaa kwa pamoja ulikuwa jambo la kawaida. Yaani wengi wanaopewa dawa ya UTI hawana UTI, na wengi wenye nayo wanapewa dawa ambayo vimelea vyao vimeshaizoea. Zote mbili hutokea kwenye benchi moja, asubuhi moja.

Shirika la Afya Duniani limezipanga antibiotiki katika makundi matatu tangu mwaka 2017. Kuna za msingi, zinazotakiwa kuwa chaguo la kwanza: amoksilini, doksisaiklini, gentamaisini, nitrofurantoini. Kuna za kuangaliwa kwa makini kwa sababu zinazaa usugu kwa urahisi: sipro, azithromaisini, seftriaksoni. Na kuna za akiba, za kutumika pale nyingine zote zimeshindwa. Septemba 2024, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuwa ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu zitoke kundi la kwanza. Rudi kwenye lile daftari la Misungwi ulipange upya kwa makundi haya. Mwanamke mwenye minyoo alipewa dawa zote tatu za kundi la pili nilizozitaja.

Juu ya sipro nina neno la ziada, na ningependa kila tabibu mwenzangu alibandike mezani kwake. Dawa za ukoo huo, sipro, levofloksasini na ndugu zao, humgusa mdudu wa kifua kikuu bila kummaliza. Mchimbaji mdogo au mvuvi anayekohoa wiki ya tatu akipewa sipro "kwa ajili ya kifua", anaweza kupata nafuu ya siku kadhaa, makohozi yake yakaonekana safi, akarudi kambini akaendelea kuwaambukiza wenzake wanaolala naye chumba kimoja. Na levofloksasini ni miongoni mwa silaha za kutibu kifua kikuu sugu. Tunaichoma silaha hiyo kwa kikohozi. Kila kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipelekwe kwanza kwenye kipimo cha TB, ambacho serikali inakitoa bure.

Kuhusu maduka ya dawa yameshasemwa mengi, nami sitaki kuongeza lawama. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yamewaokoa watu ambao zahanati iko mbali nao. Ila niliwahi kusimama nyuma ya kijana aliyetoa cheti kizuri kabisa cha siku saba, akaweka shilingi elfu moja juu ya kaunta, akasema, "Dada, nipe za hii." Dada akachukua mkasi, akakata kipande cha vidonge vinne. Tarehe ya kuisha muda ikabaki kwenye kipande kilichorudi kabatini. Hapo hapakuwa na mjinga. Palikuwa na kijana mwenye elfu moja.

Nakubali pia hoja ya upande wa pili, kwani naiishi. Wapo wanaokufa kwa kukosa antibiotiki, tena wengi. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa sangara, mguu umevimba hadi gotini. Mzee mwenye nimonia ya kweli. Mama aliyejifungua akapata homa kali. Hao dawa yao ichomwe leo, kabla ya majibu yoyote. Hata koo linalouma, ambalo vitabu vya Ulaya vinaliita jambo dogo, kwetu lina uzito mwingine, kwa kuwa ugonjwa wa moyo utokanao na koo bado unaua vijana wetu. Kwa hiyo sitaki tabibu aogope kalamu yake. Nataka ajue anaandika kwa ajili ya nini.

Maana gharama ya kutojua haibaki kwa aliyemeza. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, na chuo chake kikuu wamekuwa wakichapisha kwa zaidi ya miaka kumi kuhusu bakteria wanaozalisha vimeng'enya vya kuivunja seftriaksoni na dawa za jamii yake. Wamewakuta kwenye majeraha, kwenye mikojo, na wamewakuta kwenye utumbo wa akina mama waliokuja kujifungua, na kwa watoto wao wachanga. Mtoto wa siku tatu hajawahi kuandikiwa dawa na mtu yeyote, na anaweza kuwa tayari amebeba vimelea sugu. Anapopata maambukizi ya damu, dawa za kwanza zinagonga mwamba, na zile zinazoweza kumwokoa ni ghali na hazipo kila mahali. Kwa mwaka 2019 peke yake, makadirio ya kimataifa yaliweka vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria kuwa milioni 1.27, na mzigo mzito zaidi ulikuwa kusini mwa Sahara.

Tufanye nini, basi? Semina tumehudhuria nyingi, na mwongozo wa taifa wa matibabu upo. Mimi naamini kuna mambo yanayoweza kuanza hapa mkoani bila kusubiri mfadhili.

La kwanza ni kila tabibu aonyeshwe mwandiko wake. Mwaka 2014 Uingereza ilifanya jambo rahisi mno. Mganga Mkuu wa Serikali aliwaandikia barua madaktari wa kliniki zilizokuwa kwenye asilimia 20 ya juu kwa kuandika antibiotiki, akawaambia kwamba asilimia 80 ya kliniki za eneo lao huandika pungufu yao. Hakuna aliyefukuzwa wala kutozwa faini. Ndani ya miezi sita uandikaji ulipungua kwa asilimia 3.3 ukilinganisha na wasiopata barua. Ni kidogo, lakini barua ni karatasi tu. Vituo vyetu vingi vya umma sasa vinaandika kwenye kompyuta kupitia mfumo wa GoTHOMIS. Kila cheti kimo humo, na jina la aliyekiandika. Mfamasia wa wilaya anaweza kukaa na takwimu hizo kila robo mwaka, na Mganga Mkuu wa Wilaya akamtumia kila tabibu ukurasa mmoja: wewe uliandika hivi, wenzako wa wilaya hii waliandika hivi. Mimi sijawahi kupata karatasi ya namna hiyo katika maisha yangu yote ya kazi. Ningeisoma usiku huo huo.

La pili ni vipimo na muongozo vya watu wazima. Mbeya na Morogoro, kwenye vituo 40 vya msingi, matabibu waliotumia programu ya tableti inayowaongoza hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache vya papo hapo, waliandika antibiotiki kwa asilimia 23.2 ya mahudhurio ya watoto wagonjwa. Kwenye vituo vilivyoendelea kama kawaida ilikuwa asilimia 70.1. Na watoto hawakudhurika zaidi kwa kukosa dawa hizo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024, ni ya Tanzania, ya zahanati kama zetu, na ni makubwa kupita barua yoyote ya Ulaya. Lakini ni ya watoto. Mtu mzima wa Kome au Misungwi hana programu yake. Ikitengenezwa, kwa huku kwetu iwe na maswali mawili yasiyokwepeka: unafuga nini, na unaingia maji gani?

La tatu ni tarehe ya kurudi, na hapo nirudi kwa yule mama. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kikohozi cha mkamba hudumu wastani wa siku 18 hivi, ilhali watu wa kawaida walipoulizwa walitarajia kiishe ndani ya siku saba hadi tisa. Alikuja siku ya tisa. Alikuja haswa siku ambayo subira ya binadamu huisha, ugonjwa ukiwa nusu ya safari. Kama ningemwambia namba hiyo waziwazi, "Mama, hiki kitakwenda mpaka wiki ya tatu, na hivi ndivyo vitu vitatu vitakavyonifanya nikutake urudi," huenda tungeachana vizuri bila amoksilini.

Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Kwa anayetoka mbali na siuamini sana ugonjwa wake, naandika cheti cha akiba: dawa imeandikwa, lakini tumekubaliana asiinunue mpaka siku ya tatu, na kabla ya hapo tuongee. Uingereza wametumia utaratibu huu miaka mingi, na wengi wa wanaopewa cheti cha namna hiyo hawaendi kukitumia. Nachukua namba yake ya simu, au ya mtoto wake, au ya mwenye duka wa kijijini. Siku ya tatu jioni napiga. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaleta karibu watu wa Sengerema, ila kwa mtu wa kisiwani daraja lake bado ni simu. Maongezi huwa ya dakika mbili: unapumua vipi, homa ipo, unakula? Wengi wananiambia bado wanakohoa kidogo na wameshaingia kazini. Wachache nawaambia wanunue dawa usiku huo. Mmoja nilimwambia apande boti ya alfajiri, akapanda, na alikuwa na nimonia.

Vocha natoa mfukoni mwangu. Nimejaribu kuiombea fedha kituoni, nikaambiwa kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri kuna kifungu cha dawa, kifungu cha vitendanishi na kifungu cha mafuta ya gari la wagonjwa, lakini cha kumpigia mgonjwa simu hakipo. Mwezi ujao bajeti inaandaliwa upya. Nimeandika ombi la ukurasa mmoja na nimeambatisha orodha ya simu nilizopiga, zenye tarehe, kisiwa alikotoka mgonjwa, na kama alinunua dawa au hakununua.